Punje Tisa za Mzee Clementi

Mimi nikiwa na haraka naongeaga vibaya, Kibara nzima wanajua. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomkuta Mzee Clementi ufukweni ameinamia kiganja chake, anachagua punje za mahindi moja moja, nilimwambia, "Shikamoo mzee, lakini mama yangu anazikwa leo saa nane. Wewe unataka kupika makande?"

Hakukasirika. Aliitikia marahaba, akahesabu punje tisa, akazitia mfuko wa kushoto wa koti lake.

"Bila hizi hatufiki," akasema. "Panda."

Mama yangu, Selestina, alifia ng'ambo, Nyabwera, upande wa Majita, kwa mdogo wangu Evance. Kwa barabara ni kuzunguka mpaka uchoke: Kibara hadi Bunda, Bunda hadi Musoma, halafu Musoma ndiyo uanze kurudi Majita, na mvua za Aprili zilikuwa zimeifanya barabara uji, malori yamelala ubavu. Kwa maji unakata ghuba tu. Ila boti ya injini ya pale kwetu ilikuwa imekufa tangu Jumapili, fundi anaitazama tu. Ikabaki mashua ya tanga ya Mzee Clementi, ambayo enzi zake ilikuwa inapeleka dagaa mpaka soko la Mwigobero, Musoma.

Evance alikuwa ameshanipigia simu alfajiri. "Dada, wahi. Padre ana msiba mwingine jioni, hawezi kungoja. Shangazi wa Buswahili ameshafika, jeneza limeletwa jana kutoka Musoma. Tunakungoja wewe tu."

Walikuwa wananingoja kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kwanza. Kwetu kaburi la mzazi linaanzwa kufukiwa na mkono wa mtoto wa kwanza, wengine wote wanafuata. Lakini mimi, niseme ukweli, udongo haukuwa shida yangu. Nilitaka kumwona mama usoni kabla hawajamfunika. Ziwa lilipopanda likameza nyumba yetu ya zamani, Evance alimhamishia mama juu, kwenye nyumba mpya, na kila tukiongea kwa simu mama alikuwa ananiambia, "Conso, njoo uone, nyumba ina madirisha ya vioo." Namjibu, "Krismasi, mama." Krismasi ikija mimi niko Kibara nakaanga samaki, kwa sababu sikukuu ndiyo wateja. Sijawahi kuiona hiyo nyumba hata bati lake. Kwa hiyo nilitaka nimwangalie tu, nimwambie nimekuja.

Tukapanda. Mimi, Nyangi rafiki yangu anayeongoza kwaya ya jumuiya yetu, na wanakwaya wenzake, wote na vitenge vya msiba. Mvua ilikuwa ya manyunyu, na ukungu umekaa juu ya maji mzito kama maziwa yaliyogandishwa. Tulipotoka kidogo tu, niligeuka niione Kibara, sikuona Kibara. Sikuona kitu. Mbele hakuna, nyuma hakuna, juu na chini rangi moja.

"Mzee," nikasema, "unaona unakokwenda?"

"Sioni."

"Heee! Sasa?"

Mzee Clementi alivua kofia, akageuza kichwa polepole mpaka akaridhika. "Upepo wa asubuhi unatokaga Bunda," akasema. "Ukinipiga kisogoni, naelekea machweo. Tunakwenda hivyo nyimbo sita. Zikiisha, tumeshayapita mawe ya katikati ya ghuba. Nageuza kulia, upepo unakuja shavuni, nyimbo tatu, tunaingia Nyabwera. Sita na tatu, tisa. Nyie imbeni. Kila wimbo ukiisha, mimi nahamisha punje, kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia."

Nikamtazama nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alichuma tawi la gugumaji lililokuwa limenasa kwenye ubao, akalitupa mbele ya mashua, akaanza kusali Salamu Maria. Lile tawi lilipofika nyuma, penye usukani, alikuwa hajafika hata Amina.

"Tunatembea vizuri," akasema. "Nimebeba wavuvi miaka mingi hivi hivi. Wanaimba, nahesabu."

"Na upepo ukigeuka?"

"Haugeuki."

"Na ukigeuka je?"

"Wewe Consolata, imba."

Nyangi akaanzisha. Nyangi ana sauti inayoweza kumtoa kiboko majini, na wimbo aliouchagua ulikuwa ule wa kumuaga mama, ule ambao hata kwenye msiba wa jirani huwa sifiki nao mwisho. Nilifika ubeti wa pili nikakatika. Nililia mpaka kamasi. Wenzangu wakanishika mabega, na Nyangi, kwa upendo wake, akarudia kiitikio ili nipate pumzi. Akarudia tena. Nilipotulia, tukaendelea. Wimbo ulipoisha nikamwona Mzee Clementi anahamisha punje moja.

Ikawa ndiyo mtindo. Ubeti, nalia, wanarudia. Ubeti, nalia, wanarudia. Katikati ya hayo maji yakawa yanaingia chini, nikapewa dumu lililokatwa nichote. Nilipoinama, simu ikaniponyoka kifuani, pwa, ikaingia kwenye maji ya chini ya mbao. Niliiokota ikatoa mwanga mara moja ikazima. Nilimtukana fundi aliyeitengeneza simu hiyo na ukoo wake wote.

Baadaye kidogo bata maji akapita karibu yetu akielekea tulikotoka, au tulikokuwa tunakwenda, sijui. Hapo nikashikwa na wazimu kwamba tumegeuka bila kujua, tunarudi Kibara. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nikageuka nyuma, nikawa na uhakika huo huo kwamba Nyabwera iko nyuma.

"Mzee Clementi, tuko wapi?"

"Tuko punje ya nne."

"Punje ya nne ni mahali?"

"Kwangu ni mahali."

Mtu unaweza kumpiga mzee wa watu. Nyangi akanikanyaga mguu nikanyamaza. Lakini nilianza kuona kwamba saa zinakwenda. Ukungu ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa mweupe wa kuumiza macho, kwa hiyo jua lilikuwa limeshapanda huko juu, na sisi bado tuko punje ya nne. Nilijiambia, usiwe mjinga, Conso, wewe ndiye unayehangaika, msibani saa ni ndefu. Nikachota maji, nikaimba, nikalia.

Punje ya sita ilipohama, Mzee Clementi aliomba kimya, akasikiliza kama kuna maji yanayopiga mawe, hakusikia kitu, akasema vizuri, tumeyapita. Akageuza. Tanga likapiga kelele likajaa tena, upepo ukaja shavuni kwake kama alivyoahidi. Hapo hata mimi nilimwamini. Nilisema moyoni, kumbe mzee huyu anajua, na nikaona aibu kidogo kwa maneno yangu.

Tulikuwa kwenye wimbo wa tisa tuliposikia mwitikio.

Haukuwa wetu. Ulitoka mbele, ndani ya ukungu, sauti nyingi za wanawake na ngoma moja taratibu. Ni wimbo ule ule tuliokuwa tunauimba sisi. Nyangi akapaza ubeti, na kule mbele wakaitika, kama tumepangana.

"Hao!" nikapiga kelele. "Hao ndio! Wametusikia!"

"Imebaki punje moja," Mzee Clementi akasema, amekunja uso.

"Tupa huko punje yako!"

Mashua haijagusa mchanga, mimi nimesharuka. Maji yalinifika kiunoni. Nikajifunika kitenge kichwani, nikaanza kupanda kilima huku natoa kilio. Kwetu msiba wa mzazi huendi unatembea kama unayekwenda sokoni. Unalia tangu mbali, na wenyeji hawakuulizi wewe nani, wanakupisha. Wakanipisha. Wanawake wawili wakanidaka kwapani, wakanipeleka. Kati ya machozi nikaona turubai, nikaona nyumba, na nyumba ina madirisha ya vioo. Nikasema, ndiyo yenyewe. Mama, nimeiona nyumba yako! Nikalia zaidi.

Jeneza lilikuwa juu ya meza, limefunguliwa upande wa kichwa. Nikajitupa. Nikalikumbatia kwa mikono yote miwili, nikasema yote niliyokuwa nayo. Nikasema nisamehe, nikasema Krismasi, nikasema samaki, nikasema nimekuja mama, nimekuja, fumbua macho unione. Nilisikia watu wanalia kwa ajili yangu. Mtu mmoja akasema, "Jamani, huyu amempenda marehemu." Nikajifuta macho kwa kitenge ili nimtazame vizuri.

Alikuwa na ndevu.

Nawaambieni ukweli, kwa muda kidogo nilidhani kifo ndicho kimembadilisha. Nilimtafuta mama ndani ya ule uso. Nilitazama pua, ina pamba. Nilitazama paji la uso. Ndevu nyeupe, zimechanwa vizuri, na kovu dogo juu ya mdomo. Mama hakuwa na kovu.

"Huyu ni nani?" nikauliza kwa sauti.

Ngoma ikakatika.

Halafu minong'ono ikaanza, na mimi Mtanzania naijua minong'ono ya namna ile. Mwanamke mgeni, hajulikani, ametokea majini, amelilia jeneza la mwanaume kuliko watoto wa nyumbani. Nikasikia, "Ni wa Kibara huyo, hukuona wameshuka kwenye mashua?" Nikasikia, "Si ndiyo maana mzee alikuwaga anakwenda Kibara kila mwezi?" Mwingine akasema, "Lakini ni mdogo sana kuwa mke. Atakuwa mtoto." Wakaanza kunitazama pua na masikio.

Mama mmoja mnene akainuka kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kaniki. Mjane. Baadaye nilijua anaitwa Boke na marehemu anaitwa Mzee Wenceslaus. Akanijia taratibu, watu wanampisha.

"Mwanangu," akasema, "usiogope. Sema tu. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Selestina wa Nyabwera," nikasema. "Mama yangu anazikwa leo. Hapa si Nyabwera?"

"Hapa Kirubya. Nyabwera mmeiacha nyuma huko, mashariki."

Wallahi nilitaka ardhi ipasuke. Nilitafuta Mzee Clementi ili nimrarue, nikamwona amesimama nje ya turubai na kofia mkononi, anatazama punje yake moja iliyobaki. Wanakwaya wangu walikuwa wameshakaa na kwaya ya wenyeji, wamepewa nafasi kwenye benchi, wanaimba.

Nikaomba simu. Kijana wa marehemu, Maige, mtoto wake wa kwanza, akanipa yake. Namba ya Evance naijua kichwani.

"Evance, ni mimi."

"Dada! Uko wapi? Misa imeisha!"

"Niko msibani."

"Msibani wapi? Mimi ndiyo niko msibani, mbona sikuoni?"

"Niko msiba mwingine!"

Akasema polepole, kama anaongea na mgonjwa, "Dada, umeanza kunywa?"

Nilimweleza mbio mbio, sijui alielewa nini. Akasema padre anatazama saa, mvua inajikusanya, wazee wa ukoo wamekataa kaburi lifukiwe bila mimi lakini hawawezi kukataa mpaka kesho. "Usimfunike," nikamwambia. "Evance, usimfunike uso, nakuja." Simu ikakatika.

Nikamrudishia Maige, nikamshika mkono mjane. "Mama, nisamehe sana, pole sana kwa msiba, mimi nakwenda."

Hakuniachia mkono. "Umemlilia mume wangu," akasema. "Machozi yako yameanguka kwenye jeneza lake. Kwetu mtu wa namna hiyo haondoki kabla ya udongo. Ukiondoka hivi hivi, utambeba."

"Mama, mama yangu anafukiwa!"

"Nimesikia."

"Mimi hata simjui huyu mzee!"

"Naye hakujui. Lakini amekusikia." Akageuka, akawaambia wazee kwa sauti ambayo haikuwa ya mjane, "Inukeni. Tunakwenda kaburini sasa hivi."

Katekista alikuwa katikati ya kusoma wasifu wa marehemu, amefika kwenye shule ya msingi. Akajaribu kusema bado kuna salamu za chama na salamu za wakwe. Mama Boke akamwambia, "Atakwenda bila salamu. Huyu binti ana mama yake." Na kweli watu wakainuka. Kijiji kizima kikaharakisha kumzika mtu wao kwa ajili yangu, wengine wanakimbia huku wanavaa ndala. Sikujua nimshukuru yule mama au nimchukie. Kila dakika niliyosimama pale ilikuwa inatoka kwa mama yangu, na bado sikuweza kuondoka, maana nilimwogopa yule mzee wa ndevu kuliko ninavyoweza kueleza. Nitambebaje mtu nisiyemjua? Nitampeleka wapi?

Maige akatupa udongo wa kwanza. Wa pili wakanipa mimi. Ulikuwa umelowa, ukanata kwenye vidole, ukaanguka juu ya mbao kwa mshindo. Nikasema, "Mzee, safari njema, samahani kwa usumbufu." Watu wakaitika amina.

Mama Boke alikuwa ameshamwamuru mwanawe awashe pikipiki. Mtoto ametoka kumzika baba yake, hata mikono hajanawa, akanipakia. Tulipita kwenye matope, kwenye mihogo ya watu, tukaanguka mara moja, tukainuka. Nilikuwa namhimiza, "Maige, kimbiza, mdogo wangu, kimbiza," naye analia, na mimi nalia, na sijui nani alikuwa anamlilia nani.

Nyumba ya Evance niliijua mara hii bila kuonyeshwa. Ina madirisha ya vioo kweli, ila kimoja kimepasuka, kimezibwa na plasta ya kidonda. Hilo mama hakuwahi kuniambia kwenye simu. Uani hakukuwa na mtu. Nikafuata sauti mpaka nyuma.

Padre alikuwa ameshaondoka. Jeneza lilikuwa limeshashushwa. Halikuwa limefukiwa, wanaume wamesimama na majembe na makoleo, wazee wamekaa kingo za kaburi kama walinzi. Evance akanijia, macho mekundu.

"Fungueni," nikasema.

"Dada, tumepiga misumari. Padre alisema..."

"Fungueni nimwone!"

Wanaume wakatazamana. Mvua ilikuwa imeanza, kubwa, maji yanatiririka ndani ya shimo. Shangazi wa Buswahili akanikumbatia kwa nyuma, akaninong'oneza, "Mwache alale, mama. Usimloweshe." Hapo nikaishiwa nguvu. Iliniuma, jamani, isiwe siri. Iliniuma kuliko siku nilipopewa taarifa. Nikainama nichukue udongo, nikaona vidole vyangu tayari vina udongo, ule wa Kirubya, mwekundu, umekauka chini ya kucha. Nikamtupia mama hivyo hivyo. Mkono wa mtoto wa kwanza. Wazee wakasema sasa, makoleo yakaanza.

Mzee Clementi na wanakwaya walifika jioni kwa miguu. Alikaa mbali na watu, karibu na banda la kuku, na nilipokwenda kwake nilikuwa nimekwenda kumgombeza. Alikuwa amezipanga punje zote kwenye goti.

"Nimeona," akasema kabla sijafungua mdomo. "Wavuvi wanaimbaga za kuvuta nyavu. Mbio mbio. Nyie mmeimba za msiba. Nyimbo za msiba zina miguu mizito. Halafu kila ulipolia, Nyangi alirudia. Mimi nikahesabu wimbo mmoja, kumbe ni mmoja na nusu, na mashua inatembea tu. Tukapita mbali mahali petu pa kugeuzia."

"Kwa hiyo nimepotea kwa sababu ya kulia?"

"Sisemi hivyo."

"Ndivyo ulivyosema!"

"Nimesema mimi sikuhesabu kilio," akajibu. "Sijui kinahesabiwaje."

Sikumgombeza tena. Nilimletea ugali, akala.

Sasa ni miezi imepita. Mama Boke ananipigia simu kila Jumapili, ananiita mwanangu, ananiuliza kama mzee amenisumbua. Namwambia hapana, kwa heshima. Lakini ananisumbua. Nikilala nikifumba macho, nikimtafuta mama jinsi alivyokuwa siku ile ndani ya jeneza, uso ambao sikuuona, haji mama. Anakuja Mzee Wenceslaus, na ndevu zake zilizochanwa, na pamba zake puani, amenikalia mlangoni. Ninajitahidi kuwa na adabu. Namwambia, shikamoo mzee, naomba nipishe kidogo, namtafuta mama.